Shevale ya Mbao za Palete

2 Novemba

Kinywa changu bantu ba kartye yetu ya Kasungami banakikatalaka. Nikianza kusema, banacheka hata sijamaliza. Njo maana leo ninaandika. Karatasi haina meno, haiwezi kucheka. Kaye hii iliachwa na binti yetu Nono wakati alienda ku masomo Likasi. Iko na kurasa mingi nyeupe, na miye sipendake kitu kiharibike.

Miye ni Kapya. Nilisoma mpaka mwaka wa ine ya primere. Kisha Mugereki moya mwenye mashini ya kupasulia mbao ku njia ya Kipushi aliona mikono yangu, akasema masomo yatanipotezea wakati. Nilikata miti miaka kumi na saba. Kulikuwa mupundu moya tulimaliza kuukata saa ine ya asubui. Ulikuwa mukubwa sana, ulianguka polepole mpaka tukapika bukari, tukakula, tukanawa mikono, njo ulifika chini. Wenye kuona walikuwa bawili. Wa kwanza alikufa, wa pili alihamia Zambia.

Leo mvula ya kwanza ya nguvu. Upepo uliangusha muti wetu mukubwa wa kaliptusi. Ilianguka kati ya jikoni na choo, haikugusa kitu. Honorine, bibi yangu, alisema ni Mungu. Nilimwambia Mungu alisaidia, lakini ni miye nilikuwa mulangoni nikiuonyesha na mukono fasi ya kuangukia.

Honorine iko na furu ya matofali, anachoma mukate wa kartye nzima. Mu mvula kuni kavu ni taabu. Sasa kuni iko, ya masika yote. Inabakia kuikata fupi fupi, urefu wa mukono. Hiyo ni kazi yangu.

4 Novemba

Lombe alifika kabla ya chai. Yeye ni menizye, anakaa njia ya pili kutoka kwetu. Anatengeneza bitanda, milango, na masanduku ya kuzikia bafu. Tena ni munungwe wangu. Miye ni mwina Mvula, yeye ni mwina Bowa, ukoo wa buyoga. Bankambo betu ba zamani balipatana kama bena Mvula na bena Bowa batatukanana mpaka mwisho wa dunia, na hakuna wa kukasirika. Anaweza kuingia kwangu akabeba kuku, akaita bibi yangu bibi yake, niko nacheka tu. Mwenye kukasirika analipa kuku. Na siku mumoya anakufa, munungwe wake njo anamuzika.

Alitoa metre mu mufuko, akanipima kutoka kisigino mpaka kichwa, kama kila mara.

"Umekonda, munungwe. Asante. Nitapunguza mbao moya."

"Weye buyoga, bila miye Mvula utaota wapi?"

"Mvula gani? Weye ni mayi ya kunawia miguu." Kisha kwa Honorine: "Bibi yangu, huyu muzee amekupa chakula leo?"

"Anakula changu," Honorine alisema. "Sawa vile weye."

Lombe aliangalia muti, akaangalia kreti zangu ine za bia, nilizipanga mbili kwa mbili.

"Utakatia pale?"

"Pale."

"Tafuta shevale, Kapya. Gogo ni mviringo, linataka kitanda chenye kulishika mbavu."

Shevale anayosema ni ile ya miguu yenye kupishana sawa X, X moya huku, X moya kule, gogo linalala katikati. Nilimwambia kwa Mugereki tulikatia magogo pa magoti, na kwa chakula cha saa sita tulitumia yale yale magoti kama meza.

5 Novemba

Mvula. Musumeno ulishika kutu kwa kuangaliwa tu.

8 Novemba

Kreti hazikuwa za muzuri. Nilikata matawi matatu, kazi ya kupendeza. La ine lilizunguka. Kreti ya chini ililia kaa! ikapasuka, gogo likatoka mbio, likapita karibu na muguu wangu, likaingia mu beseni la unga wa Honorine. Beseni ni sahani sasa.

Honorine alisimama na unga mpaka ku nyusi.

"Baba Nono, muguu wako iko?"

"Iko."

"Yote mbili?"

"Yote mbili."

"Basi nenda utafute hiyo shevale. Kama si kwa muguu, kwa beseni."

Nilikuwa na wazo hilo tangu asubui. Alinitangulia tu.

12 Novemba

Nilienda kartye ya Hewa Bora kwa Gérard, mutu wa kuunga chuma. Alinionyesha shevale ya mabomba membamba, inafunguka na kufungika.

"Tonton, hii ni lejé. Unaikunja sawa parapluie ya mvula."

Ningeweza kuibeba na kidole. Nilipanda nayo pikipiki, niliishika juu ya kichwa, bantu banauliza kama ni antena. Nilisema ndiyo.

13 Novemba

Chuma haifai kwa udongo wa mvula. Miguu membamba ilizama mu matope sawa sindano mu mukate. Musumeno ulishuka, ukauma bomba, meno mawili yakabaki pale. Na ilipoinama upande, ilijikunja kweli sawa parapluie, na gogo ndani.

Niliirudisha. Gérard aliipokea bila neno, akaniuliza meno ya musumeno iko wapi. Ni kijana wa adabu.

16 Novemba

Nimechoka na bitu ya bantu. Leo nilitengeneza shevale yangu mwenyewe.

Mbao nilipata ku palete, zile za kubebea mizigo ya mine, kule banachimba shaba. Ni mbao nyeupe, inanuka muzuri, ni lejé, musumari unaingia sawa kisu mu siagi. Nilikata miguu ine, nilipishanisha X mbili, niliunga na mbao moya katikati. Misumari makumi tatu na sita. Saa mbili tu. Mugereki angeiona, angelia.

Niliipanda, niliruka juu yake mara tatu. Honorine aliangalia.

"Iko nguvu?"

"Hata tembo."

"Tembo hatuna. Nitakaa miye."

Njo vile kazi yetu ilianza. Gogo linalala mu X mbili, Honorine anakaa juu ya mwisho moya, miguu yake inaning'inia chini ya gogo, gogo halitembei. Miye nakata upande mwingine. Bibi yangu iko na uzito wa heshima. Tulimaliza magogo sita kabla ya mvula.

17 Novemba

Lombe alikuya kuiona. Aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, sawa mukaguzi wa shule.

"Hii itakuua," alisema.

"Utafurahi, utapata kazi."

"Mbao ya palete, Kapya. Inakaa juu ya udongo, mu masika. Kwa nini haukuomba mbao ngumu ya mukwa kwangu?"

"Ungenipa iliyobakia ku sanduku ya bafu."

"Wafu hawalalamiki," alisema, akanipima, akapima na Honorine mabegani. "Huyu nitamutengenezea la upana wa malkia."

Honorine alimutupia kipande cha mukate. Alikidaka na kinywa. Tulicheka mpaka jirani akauliza kama ni ndoa.

21 Novemba

Inswa ilitoka, kumbikumbi ba masika! Udongo wote ulifunguka, mabawa kila fasi. Tulikusanya beseni (lile la sahani) limejaa. Honorine alikaanga na chumvi. Lombe alinusia kutoka kwake, akafika na kijiko chake mwenyewe.

"Unajua hawa ni batoto ba nani?" aliniuliza na kinywa kimejaa. "Ba muchwa. Batoto banaruka, mama anabakia chini. Na mama iko na njaa."

"Kula, buyoga."

Alikula.

26 Novemba

Mvula. Magogo matano.

29 Novemba

Mvula. Magogo manne, na Honorine alinisimulia vile baba yake alimukataza kuolewa na miye. Miaka makumi mbili na tano sijasikia hiyo. Nilimuuliza kwa nini anasema leo. Alisema kwa sababu niko nashika musumeno na siwezi kukimbia.

Naandika kitu moya. Mbele ya hii kazi, miye na Honorine tulikuwa tunaongea vile bantu ba nyumba moya banaongea: chumvi imeisha, funga mulango. Sasa iko juu ya gogo saa nzima, uso wake mbele ya uso wangu, na hana fasi ya kwenda. Ananiuliza juu ya mupundu ulioanguka polepole. Anajua ni uongo. Anauliza hata tulikula mboga gani. Nilisema sombe. Alisema, "Na samaki ya kapenta?" Nilisema na kapenta.

3 Desemba

Mvula tu.

6 Desemba

Matawi yamekwisha. Sasa tunaanza mwili wa muti wenyewe. Magogo ni manene sawa ndoo.

12 Desemba

Lombe alifika saa tatu. Hakunitukana. Nilimuuliza kama iko mugonjwa. Alichukua nyundo yangu, akapiga miguu ya shevale, moya moya. Mwanzo ko. Kisha pu. Kisha ko. Kisha pu.

"Unasikia?"

"Nasikia mutu anapiga mbao yangu."

"Muti muzuri unajibu ko. Huu unajibu pu, sawa tumbo ya mwenye kulewa. Iko tupu ndani."

"Ni mayi ya mvula. Muti ukilowa unasema pu. Kwa Mugereki..."

"Acha Mugereki. Kapya, nasema kweli. Itavunjika."

"Na nitakufa, na utanizika, na utanitoza mbao ya bure."

Nilicheka sana. Alisimama na nyundo mu mukono. Alisema tena, "Nasema kweli," na nilicheka tena juu nilifikiri njo muchezo mupya. Bena Bowa biko na akili mingi kwa muchezo. Aliweka nyundo chini polepole, akaenda. Hata chai hakunywa.

14 Desemba

Honorine asema Lombe alimufuata ku robine ya mayi, akamwambia asikae tena pa gogo.

"Na ulimujibu nini?"

"Nilimwambia anaona wivu juu sikai kwake."

"Na yeye?"

"Alisema, 'Bibi yangu, nakuomba.' Bamama bote ba robine balipiga makofi."

Tulicheka hata miye hata yeye.

17 Desemba

Mvula. Mawili.

19 Desemba

Mvula. Mawili. Magogo yamekuwa mazito.

22 Desemba

Leo tulikata gogo kabla ya la mwisho. Honorine alipokaa, shevale ililia kidogo.

"Inalia," alisema.

"Inaimba. Inazoea Noeli."

Linabakia gogo la chini kabisa, lile la mizizi. Nikilikumbatia, mikono haikutani. Bajirani ine balisaidia kulivingirisha mpaka karibu ya shevale. Kesho tunalipandisha na kulikata, juu mikate ya Noeli inataka moto wa siku mbili. Honorine asema kwa gogo hilo atakaa na miguu yote miwili ndani, alishike muzuri. Nilimwambia hivyo njo tulifanya kwa Mugereki.

Haikuwa kweli. Kwa Mugereki hakuna muntu alikaa pa gogo. Sijui kwa nini naandika hii.

23 Desemba

Nitaandika polepole.

Asubui tulienda miye na Honorine kupeleka mikate ya baimbaji ba korale ku kanisa. Tulirudi saa tatu. Tulikuwa bado ku njia, nikasikia shoka. Shoka ya muntu mwenye kujua, haina haraka. Nilisema, nani anapasua kuni kwangu?

Alikuwa Lombe. Alikuwa katikati ya lupango lwetu, ndani ya ua, ametoa shati, jasho na mvula pamoja. Shevale yangu ilikuwa chini, bipande bipande. Misumari makumi tatu na sita inatokeza inje. Alikuwa anabeba ile bipande na kuipanga pa mulango wa furu, sawa kuni ya kawaida.

"Munungwe," nilisema, "huu ni muchezo gani?"

Alipanga kipande kingine.

Munungwe anaweza kubeba kuku. Anaweza kubeba sufuria na bukari ndani. Lakini kile nilikitengeneza na mikono yangu, kazi ya siku nzima (nilisema saa mbili, ilikuwa siku nzima), siku mbili kabla ya Noeli, na gogo linangoja! Nilikasirika. Sitaficha. Miaka makumi mbili ya bunungwe sijawahi kukasirika, na leo nilimunyang'anya shoka nikaitupa mpaka ku choo. Nilimwambia bitu mingi. Bajirani balipanda ku ukuta wa lupango kuangalia, bakicheka, kisha bakanyamaza juu balisikia sauti yangu haikuwa ya muchezo.

Mwisho nilimwambia, "Siku utakufa, Lombe, sitakuya kukuzika."

Neno hilo halisemwake. Mwina Mvula hawezi kumwambia mwina Bowa neno hilo. Mama moya ku ukuta alishika kinywa.

Lombe alisema, "Sawa." Tu. Alianza kuvaa shati.

Honorine hawezi kuona kuni chini bila kuitia mu furu. Hata nyumba ikiungua, atachukua makala ya moto. Aliinama, akashika muguu moya wa shevale, na muguu ulivunjika mu mukono wake. Haukulia. Ulivunjika sawa biskuti yenye kulowa mu chai. Ndani hakukuwa muti. Kulikuwa udongo, na muchwa nyeupe, mingi, ikamwagika pa kitenge chake. Inje ngozi ya mbao ilibakia, nene sawa karton, na misumari yangu ikingaa muzuri.

Alichukua muguu wa pili. Huo ulikuwa muzima. Wa tatu, biskuti. Wa ine ulikuwa muzima.

Kisha Honorine aliangalia gogo la mizizi. Liko pale pale, limelala tu, sawa ng'ombe aliyeshiba.

"Jana nilikaa juu ya hii shevale," alisema. Akaonyesha gogo. "Na leo ningekaa juu ya ile. Na miguu ndani."

Nilikaa mu matope. Niliona tu miguu yake, ile miguu inayoning'inia chini ya gogo, anaichezesha akiuliza kama sombe ilikuwa na kapenta. Niliishika. Mbele ya bajirani bote nilishika miguu ya bibi yangu na mikono mbili, moya, na ya pili. Iko. Yote mbili.

"Baba Nono, unanichafua," alisema, lakini hakuitoa.

Lombe alichuchumaa karibu yangu.

"Nilisema mara tatu," alisema. "Kinywa changu hapa kwenu hakina njia ya kweli. Nikisema utakufa, unacheka. Nikiomba bibi yako, bamama banapiga makofi. Na haki yao, juu niliwazoeza hivyo. Leo nilipita hapa, nikaona gogo tayari pa shevale. Nikasema, basi, nitaongea na shoka."

Nilimuuliza kwa nini hakunipima ile siku ya nyundo. Sasa njo nilikumbuka: siku ile metre haikutoka mu mufuko.

"Huyu mama nilimupima kwa muchezo miaka makumi mbili," alisema. "Niliogopa kumupima kwa kweli."

Honorine alipangusa muchwa pa kitenge, alicheka, alilia, vyote pamoja. Kisha alisimama na kushika kiuno.

"Kuku mbili," aliniambia. "Moya juu ulikasirika na munungwe. Ya pili juu ya lile neno."

"Na mikate," Lombe alisema.

"Na mikate. Na weye utaenda kutoa shoka yako ku choo."

24 Desemba

Nililipa kuku. Jogoo mwekundu na moya mweupe. Lombe aliwashika chini ya makwapa, akasema mweupe amekonda sawa mwenye lupango.

Kisha tulitengeneza shevale, yeye na miye, mu atelye yake. Mbao ya mukwa, nzito, nyekundu ndani. Muchwa hapendi mukwa, asema ni chungu. Nilitaka miguu mirefu, alisema hapana: gogo likae urefu wa goti na kidogo, mugongo usiinuke wala usivunjike. Miguu ifunguke sana chini, sawa mbuzi akikojoa. Kati ya X mbili mbao mbili za kuunga, si moya. Bulo za chuma za kukaza na funguo, si misumari. Mu kila X tulichonga meno ya kuuma gogo. Na mnyororo wa pikipiki wa zamani, unapita juu ya gogo na kufungwa chini.

"Huo mnyororo njo Honorine wako mupya," alisema.

"Hauongei."

"Njo uzuri wake."

Miguu tulipaka mafuta machafu ya moteri, na chini ya kila moya nitaweka jiwe la bapa, isiguse udongo. Mikate ya Noeli ilichomwa na matawi ya zamani na bipande bya palete, ila kimoya cha muguu nilikiweka mu kopo. Ilitosha. Honorine asema muchwa ulinukia muzuri.

25 Desemba

Kristo alizaliwa. Tulikula. Mvula.

28 Desemba

Leo lile gogo. Bajirani sita, mbao mbili za kuinulia, na Lombe akiita moya, mbili. Lilikaa mu meno ya shevale sawa mutoto mu kitanda. Tulifunga mnyororo. Nilitaka kuanza katikati, ni mazoea yangu. Lombe alishika mukono: ukikata katikati, pande mbili zinainama na kuuma musumeno, kata inje ya X, kipande kianguke chenyewe, na muguu wako usiwe chini yake. Nilijua. Nilikuwa najaribu kama yeye anajua.

Hakuna muntu alikaa juu. Kila kipande kilipoanguka, niliangalia nyuma kama Honorine iko mbali. Alikuwa mulangoni. Mara ya tano alisema, "Kapya, angalia musumeno, siolewi na mwingine."

9 Januari

Nilisimulia ile habari ku kivuli cha duka, bantu kumi walikuwa wanangoja mvula iishe. Niliisema vile ilikuwa. Muguu, biskuti, muchwa pa kitenge. Sikuongeza kitu.

Balicheka mpaka machozi.

"Na hao muchwa walikula na misumari?" mumoya aliuliza.

Nilirudi nyumbani mu mvula, nikaleta kile kipande cha muguu cha mu kopo. Walisema nilikiokota ku jalala. Lombe alikuwa pale, anakula karanga. Walimuuliza, "Muzee Lombe, ni kweli?"

"Kapya?" alisema. "Hata jina lake si kweli."

Hawezi kusema lingine, yeye ni munungwe. Lakini ku njia ya kurudi, tulikuwa bawili tu, alisema, "Ulisimulia muzuri. Haukuongeza."

Nilimuomba karanga.

22 Januari

Mvula. Kuni imejaa mpaka dari ya jikoni.

11 Februari

Honorine amekuwa kimya. Nilifikiri ni homa. Leo nilimuuliza, akasema hakuna kitu, kisha akasema, "Mnyororo unafanya kazi muzuri."

Nilikata bipande bibili bya lile gogo la mizizi peke yangu ndipo nikaelewa. Tangu Noeli tumerudi ku chumvi imeisha na funga mulango.

Nilienda kwa Lombe. Sikusema kwa nini. Alisema, "Mukwa iliyobakia iko pale, munungwe. Ya upana wa malkia."

15 Februari

Kiti kimekwisha. Nilikitengeneza miye, Lombe alipiga kelele tu. Nilikiweka hatua tano kutoka shevale, upande ambao kipande hakiangukii, uso kwa uso na fasi yangu.

19 Machi

Leo mawingu yalipita bila kushuka. Masika inaisha. Kaliptusi imeisha pia, lakini jirani ameniletea muti wake wa musamba wa kukata, na mwingine ameulizia. Shevale iko na miezi mitatu mu matope, na miguu yake bado inajibu.

Honorine anakuya kila asubui na chai. Mbele akae, nachukua nyundo, napiga miguu ya kiti chake, moya moya. Lombe asema nimeshikwa na bazimu, kiti cha mukwa hakiliwi na muchwa hata miaka makumi tano. Muache aseme. Honorine anasimama, anangoja, kikombe mu mukono, hacheki.

Ko. Ko. Ko. Ko.

"Ikala pa kiti, mama Nono," ninamwambia. "Nilifika wapi?"

"Mulikuwa munanawa mikono," anasema. "Na muti bado uko njiani."